Juu ya Kuwavika Watumwa Kanga katika Michezo

Michezo ya kuigiza juu ya siku za biashara ya watumwa imekuwa jambo la kawaida katika shule, nasi hatuna neno la kuipinga. Mwalimu hutunga maneno yake kwa bidii, huyasikiliza tena na tena, huwasahihisha watoto matamshi yao. Walakini mavazi huachwa mpaka siku moja kabla ya mchezo, ndipo kila mtoto huambiwa alete kanga ya mama yake. Hivyo tumewaona, wala si mara moja, wanawake wakiingia jukwaani wamefungwa kamba shingoni, wanalia, na kila mmoja amejifunga kanga mpya yenye maua mekundu na jina lililopigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Mmoja alikuwa na fumbo la kumsuta mke mwenza, limekaa sawasawa mgongoni. Watu walicheka, na kicheko kile hakikuwamo katika mchezo.

Yafaa tuanze na miaka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mapatano ya mwaka 1873. Kanga kama tuijuavyo ilitokea katika robo ya mwisho ya karne hiyo ya 19. Kabla yake palikuwa na leso, neno tulilolipata kwa Wareno. Na yasimuliwa kwamba wanawake wa mjini walinunua leso zilizokuwa bado hazijakatwa, wakazikata tatu tatu, wakaunga safu mbili kwa sindano, ikawa nguo moja ya mapande sita. Watu wa Mombasa huiita kanga leso hata leo. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi za Kirumi. Basi mwanamke aliyeuzwa sokoni mwaka 1860 kuvaa kanga yenye jina ni sawa na kuvaa saa ya mkononi.

Lakini kama kosa lingekuwa la miaka tu, tusingeshika kalamu. Utumwa ulipoondolewa katika sheria ya Unguja mwaka 1897 (masuria wakangojea mpaka mwaka 1909), waliokuwa watumwa walitaka kila mtu aone uhuru wao. Waliuonyesha kwa nguo. Wanawake waliacha kaniki na merikani wakanunua kanga. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Laura Fair ameyaeleza haya kwa urefu katika kitabu chake juu ya Unguja kilichotoka mwaka 2001, na kila mwalimu atakaye kutunga mchezo wa namna hii angefanya vema kukisoma. Sasa fikiri: tukimvika mtumwa kanga tangu mwanzo, tumempa mwanzoni kitu alichokipata mwishoni. Anapofunguliwa kamba hana tena la kuvaa lililo jipya, na watazamaji hawana la kuona. Mwalimu ameandika maneno ya uhuru, na nguo imeyakanusha.

Je, walivaa nini? Habari zipo, na wapenda lugha wana bahati, kwa kuwa nyingi zimehifadhiwa katika maneno. Edward Steere alipotoa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870 alikusanya majina ya nguo kama alivyoyasikia: merikani, kaniki, bafta, debwani, sahari, ukaya. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903, aeleza kwamba mtumwa wa zamani hakuruhusiwa kuvaa kofia, wala viatu, wala kanzu ndefu ya kufunika miguu. Kwa hiyo yule mtumishi wa mchezoni aliyevaa kanzu safi mpaka vifundoni na kofia ya kazi, akileta kahawa, amevaa nguo za bwana wake.

Neno ukaya lataka uangalifu zaidi. Ni kitambaa kirefu, aghalabu cha buluu, alichojitanda kichwani mwanamke mtumwa au maskini wa mjini, na ncha zake mbili zikining'inia karibu na nchi. Basi si kweli kwamba kila mtumwa mwanamke alikwenda kichwa wazi. Mjakazi wa nyumba ya mjini, mwanamke wa shambani, na yule aliyefika jana kwa msafara kutoka Nyasa hawakuvaa namna moja. Mchezo unaowavika wote sare umefanya kosa la pili, hata kama nguo yenyewe ni ya kweli.

Na maneno nayo hudanganya. Merikani ni nguo ya Amerika, iliyoletwa kwa wingi baada ya mapatano ya Seyyid Said na Wamarekani ya mwaka 1833. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipopunguza pamba yao, nguo za viwanda vingine, hasa vya Bombay, zikajipenyeza, na jina likabaki lile lile. Asiangalie mtu jina akadhani amejua kiwanda.

Wengine watasema, Tazameni picha. Naam, zitazameni, lakini kwa hadhari mbili. Kwanza, picha nyingi za Unguja zilizouzwa kama kadi zilitoka katika vyumba vya wapiga picha, kama vile akina Gomes na Coutinho, na mwenye chumba aliweza kumpanga na kumvika mtu apendavyo mnunuzi. Hata picha ijulikanayo sana ya Seyyida Salme (Emily Ruete) katika mavazi ya Kiunguja ilipigwa Hamburg, baada ya yeye kuondoka Unguja mwaka 1866. Nayo ni mavazi ya binti wa Sultani, isiwe kiolezo cha kila mwanamke. Pili, vioo vya picha vya siku zile havikuona rangi kama jicho lionavyo. Buluu hutoka nyeupe-nyeupe, na nyekundu hutoka nyeusi. Kaniki iliyochujuka yaweza kuonekana kama merikani, na kitambaa chekundu kikaonekana kama cha matanga. Tumewahi kuona mavazi yaliyoshonwa kwa uaminifu mkubwa kutoka katika picha, rangi zote zikawa kinyume.

Kuyatengeneza si kazi ya fundi mkubwa. Nguo ya kujifunga haikukatwa kwa mkasi ila kwa kipimo: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane. Nunua pamba isiyopaushwa, yenye rangi yake ya kimanjano kidogo. Nyeupe kabisa ya shuka za kitanda haifai. Ifue mara kadhaa ili wanga utoke na nguo ianguke mwilini. Kaniki yapatikana bado madukani. Ile mpya huacha rangi mwilini, basi ifuliwe peke yake. Nyuzi za polista ziepukwe, kwani hung'aa penye taa na hazikunjamani kama pamba. Mwalimu akiona haya juu ya mabega wazi ya watoto, nguo na ipigwe lubega, ifungwe fundo begani. Ndivyo walivyovaa wengi wa bara, wala hatujaghushi kitu.

Tumeambiwa kwamba watazamaji hawataijua kaniki, bali kanga wanaijua, nayo huwaonyesha mara moja kwamba huyu ni mwanamke wa pwani. Hoja hii haituridhishi. Mchezo wa siku za kale ukimwonyesha mtazamaji vitu anavyovijua tu, angeweza kubaki nyumbani akavitazama bure. Mtoto akiuliza, Mbona wote wamevaa nguo hizi nyeusi zisizo na maua? mwalimu amepata nusu ya somo lake kabla neno moja halijasemwa.

Kanga na ziletwe, walakini zikae kikapuni mpaka tendo la mwisho, lile la baada ya mwaka 1897. Hapo mwanamke yule yule aingie amezivaa. Zenye jina kwa herufi za Kirumi ziachwe. Kisutu, chekundu na cheusi na cheupe, kisicho na maandishi, chafaa kuliko zote, na wauzaji wa kanga wanacho hata leo.