Kuwachora Wakubwa Wakiwa Wadogo

Wahenga walituachia methali mbili zinazovutana. Moja husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine huagiza samaki akunjwe angali mbichi. Ya kwanza inaiachia damu iamue mtu atakuwa nani, ya pili inampa mlezi kazi hiyo. Ubishi huu haujapata hakimu, na pengine hautampata. Lakini umepata wachekeshaji wanaoustahili: Phil Lord, Christopher Miller na Bill Lawrence, Wamarekani waliobuni katuni ya Clone High.

Katuni hiyo ilianza kuonyeshwa Kanada mwezi Novemba 2002, kisha Marekani kupitia MTV mwezi Januari 2003. Kisa chake ni hiki. Watu wa serikali wanaofanya mambo yao gizani wamefukua mabaki ya watu mashuhuri wa zamani, wakachukua vinasaba vyao na kuzalisha nakala zao hai. Nakala hizo zimelelewa na wazazi wa kulea, sasa ni vijana, na wote wanasoma sekondari moja. Serikali inakusudia kuwatumia jeshini. Mkuu wa shule, Scudworth, ana njama yake mwenyewe: anataka kuwafanya kivutio katika bustani ya burudani. Wanafunzi wenyewe wana shughuli nyingine. Abe Lincoln anampenda Cleopatra, Joan of Arc anampenda Abe, na John F. Kennedy anampenda kila msichana anayepita mbele yake.

Wazo hilo lilikuja kwa wakati wake. Kondoo Dolly, mnyama wa kwanza wa jamii ya mamalia kuzalishwa kutokana na seli ya mnyama mzima, alizaliwa Uskoti mwaka 1996, na dunia ikaanza kujiuliza zamu ya binadamu itafika lini. Dolly alikufa Februari 2003, wiki chache tu baada ya MTV kuanza kuionyesha katuni hii. Wanasayansi na wanadini walikuwa wakijadiliana kwa uzito mkubwa. Waandishi hawa wakauliza swali dogo na la kiutu zaidi: huyo kijana aliyezaliwa na jina la shujaa, siku ya Jumatatu asubuhi darasani, atajionaje?

Ninachokisifu kwanza ni mkono wa mchoraji. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, na anayetaka mwendo laini hana budi kuchora nyingi sana. Studio ya UPA ya Marekani, iliyoanzishwa na wasanii waliotoka Disney kufuatia mgomo wa 1941, ilionyesha njia nyingine: mistari michache, rangi bapa, maumbo yenye pembe. Filamu yao fupi ya mwaka 1950, Gerald McBoing-Boing, ilitunukiwa Oscar. Clone High inapita njia hiyohiyo. Mhusika husimama tuli, mdomo peke yake ukienda, halafu kufumba na kufumbua yuko katika pozi jingine kabisa. Hakuna hatua ya katikati. Jicho linaruka pengo, na kicheko kinatokea palepale kwenye pengo hilo. Lincoln ni mstari mrefu mwembamba wenye kidevu, lakini hakuna atakayeshindwa kumtambua. Kujua mstari upi ubaki na upi uondoke ni elimu ya miaka mingi, na mtazamaji haioni kwa sababu imefanywa vizuri.

Ufundi wa pili umo katika sauti. Kennedy wa katuni anaigizwa na Miller mwenyewe, na Scudworth anaigizwa na Lord. Mwandishi anayatamka aliyoyaandika, kwa hiyo anajua ni silabi gani inayobeba mzaha. Miller ameichukua lafudhi ya Massachusetts iliyomtambulisha rais yule na kuivuta hadi karibu ikatike, akiijaza vigugumizi vya kujipa muda. Msikilizaji anamtambua Kennedy kabla hajamwangalia.

Ufundi wa tatu ndio mkubwa kuliko yote, nao ni maarifa. Katika kipindi kimoja Joan anajifanya mvulana ili acheze katika timu ya mpira wa kikapu. Asiyejua historia atacheka kwa kuona msichana aliyebandika masharubu. Anayeijua atakumbuka kwamba Joan wa kweli alivaa mavazi ya kiume vitani, kwamba mavazi hayo yalitajwa katika kesi yake, na kwamba alichomwa moto huko Rouen mwaka 1431 akiwa na umri wa miaka 19 hivi. Wanafunzi hukutana kwenye mgahawa uitwao Grassy Knoll, jina la kile kilima chenye nyasi jijini Dallas kilichozungumzwa sana baada ya Kennedy kuuawa mwaka 1963. Kijana Kennedy anaketi humo, anaagiza chakula, hana habari. Mzaha wa namna hii una sakafu chini ya sakafu. Humchekesha asiyesoma na humzawadia aliyesoma.

Kwa kipimo hichohicho ndipo naona mahali ambapo kazi hii iliteleza. Gandhi amechorwa kama kijana wa sherehe, mropokaji, aliyelemewa na jina alilopewa hadi akalikimbia. Wazo lina maana, kwa sababu mzigo wa jina ndio kiini cha katuni nzima. Lakini kwa Joan na Kennedy kitu cha mtu wa kweli kilibaki ndani ya mchoro. Kwa Gandhi kilibaki kipara na miwani tu. Kicheko kikawa kimesimama juu ya tofauti tupu kati ya mtakatifu na mlevi wa raha. Tarehe 30 Januari 2003, siku ya kumbukumbu ya kuuawa kwake, watu walikusanyika New Delhi wakafunga kula kupinga. MTV ikaomba radhi, na katuni ikafia kwenye msimu wake wa kwanza wa vipindi 13. Hata hapa Afrika Mashariki tunaweza kuelewa uchungu ule: sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa kwenye chanzo cha Nile huko Jinja, Uganda, mwaka 1948. Mtu ambaye bado anaombolezwa hachoreki kwa mistari miwili.

Waliobuni katuni hii waliendelea kukomaa. Lord na Miller walikuwa miongoni mwa watayarishaji wa Spider-Man: Into the Spider-Verse, iliyopata Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2019. Mwaka 2023 waliirudisha Clone High kwa ustadi wa kupendeza. Msimu wa kwanza ulikuwa umeishia wanafunzi wakigandishwa kwenye barafu. Msimu wa pili ukawayeyusha miaka 20 baadaye, wakiwa na umri uleule, katika dunia isiyocheka tena kama zamani. Gandhi hakurudi. Walikuja Harriet Tubman, Frida Kahlo na Confucius, na vijana wa zamani wakalazimika kujifunza upya adabu ya mzaha. Pengo ambalo lingeweza kuwa aibu likageuzwa kuwa hadithi.

Kumcheka mkubwa si dhambi. Vijana wote hukua kwa kuwacheka wakubwa. Lakini mzaha unaodumu hutoka kwa aliyemsoma anayemcheka, akamjua hadi mavazi yake na lafudhi yake, kisha akachagua mistari michache tu. Basi wewe kijana unayeshika kalamu kutaka kumchora shujaa wa nchi yako akiwa na umri wa miaka 16, anzia maktaba. Soma maisha yake yote, hata kurasa zisizochekesha. Ndipo uchore.