Ng'ombe wa Udongo: Mtoto Mlemavu Katika Uhakiki Wetu

Tunapojadili riwaya hapa chuoni, mtoto mlemavu hupita haraka mno. Anatajwa, anaitwa "ishara", halafu tunamwacha na kuendelea na falsafa ya mwandishi. Kwa maoni yangu hapo tunampunja mtoto, na fasihi pia. Katika makala hii nitapima riwaya mbili zinazofahamika sana kwa kigezo ambacho hakimo katika vitabu vyetu vya nadharia: je, mtoto huyo ana kitu cha kuchezea?

Tuanze na Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974). Manase anapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Kazimoto, msimulizi, naye anapata wa namna hiyo hiyo. Mtoto haishi, na baba anajiua. Tumezoea kueleza kwamba kizazi cha wasomi kilichoharibika kimezaa uharibifu wake, na jina la riwaya lenyewe linatusukuma huko. Usomaji huo una nguvu, nami siupingi. Lakini hebu tumtazame mtoto wa Manase kama mtoto. Anapenda nini? Anacheka lini? Tunamwona kwa macho ya Kazimoto, mtu ambaye maisha yenyewe yamekwisha kumchosha, kwa hiyo tunakiona kichwa tu. Mtoto amekuwa hukumu ya wazazi. Na hukumu haichezi.

Atakayesema kwamba kigezo changu ni cha kitoto, namkaribisha Kyela. Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ni nchi ya udongo. Kule Ikombe, karibu na Matema, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mkono na kuvipeleka sokoni kwa mitumbwi. Sisi watoto wa Kinyakyusa, ambao kwetu ng'ombe ndiye heshima ya nyumba, tulifinyanga ng'ombe. Tulijenga zizi la vijiti, tukalipa mahari, tukaibiana, tukagombana. Ng'ombe hao hawakuchomwa, na Kyela mvua haichezi, basi kila masika walirudi kuwa tope nasi tukaanza upya.

Mdogo wangu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hakukimbiza tairi wala kucheza chandimu. Majirani walisema mengi: eti mama kavunja mwiko, eti ukoo una deni. Mama hakubishana nao. Alimkalisha mtoto mkekani, akamwegemeza kwenye gunia la mpunga, akamtia donge la udongo laini katika mkono wa kushoto, ule uliokuwa ukifunguka. Miezi ikapita. Kitu cha kwanza alichokifinyanga hakikuwa na pembe wala miguu, lakini mwenyewe alikijua kuwa ni ng'ombe, na alikilalia usiku kucha. Siku moja binamu yetu alikificha kwa mzaha. Mdogo wangu, ambaye watu walidai haelewi kitu, alimtazama mwizi mpaka akakirudisha. Tangu siku hiyo pale nyumbani hakuna aliyesema tena "haelewi".

Sisimulii haya ili nihurumiwe. Nasimulia kwa sababu donge lile lilifanya kazi ambayo riwaya inaweza kuifanya: lilitoa nje yaliyokuwa ndani ya mtu. Tunajua leo kwamba mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia au kutokua sawasawa, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au utotoni, na kwamba mtoto hunufaika akisaidiwa mapema kutumia viungo vyake. Mama hakuwa na maelezo hayo. Alikuwa na udongo na subira. Malezi ya mtoto mlemavu ni hayo hasa: kazi ya kila siku isiyo na kilele cha kisa. Labda ndiyo maana waandishi wanaikwepa.

Lugha nayo ina lake. Kipofu, kiziwi, kiwete, kibiongo: maneno haya yamevaa kiambishi kile kile cha kiti na kijiko. Hata hivyo, hakuna Mswahili asemaye "kipofu kinakuja". Tunasema "kipofu anakuja". Jina linamweka mtu karibu na vitu, kitenzi kinamrudisha kwa watu. Funzo kwa mhakiki ni hilo: mhusika mlemavu asihukumiwe kwa jina aliloitwa tu, bali kwa vitenzi alivyopewa. Mtoto wa Manase ana vitenzi vingapi?

Sasa tuitazame Takadini ya Ben Hanson (1997), riwaya ya Kiingereza iliyosomwa sana katika sekondari zetu. Sekai anazaa mtoto zeruzeru, na kwa kuwa mila inataka mtoto auawe, anatoroka naye. Ugenini anapokewa na mzee Chivero, ambaye baadaye anamfundisha Takadini kupiga mbira. Hapo kigezo chetu kinapata jibu. Mtoto amepewa kitu cha mkononi, pamoja na mtu mzima wa kukaa naye. Ana vitenzi: anapiga, anajifunza, anapenda. Katika nchi ambayo imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa, hilo si jambo dogo.

Lakini tusiishangilie riwaya hii bila kuihoji. Takadini anakuwa fundi wa mbira, na kipaji chake kinamfungulia mlango wa kijiji. Je, asiye na kipaji? Mdogo wangu hakuwa fundi wa kitu chochote. Ng'ombe wake walibaki madonge hadi mwisho. Fasihi inayomkubali mlemavu kwa sababu ni hodari bado inamdai kiingilio ambacho watoto wengine hawalipi.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu, hasa wanaotarajia kwenda kufundisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, lakini sheria haiwezi kusoma riwaya kwa niaba yetu. Darasani mbele yenu atakuwepo mwanafunzi ambaye nyumbani ana ndugu kama wangu. Mkimwambia kwamba mtoto wa Kichwamaji ni ishara ya laana ya wazazi, mkaishia hapo, atakwenda na neno hilo nyumbani. Muulizeni pia mtoto yule angependa kucheza nini. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Udongo wetu sote bado ni mbichi.