Pongezi kwa Mchezaji wa Akiba
Nchelenge, Zambia, ufukweni mwa Ziwa Mweru, Februari nyavu hukaa nchi kavu. Uvuvi hufungwa tangu Desemba. Ni katika msimu huo, tarehe 12 Februari 2012, Zambia ilipocheza fainali ya Kombe la Afrika na Kodivaa mjini Libreville. Joseph Musonda aliumia mapema, akaingia Nyambe Mulenga kuziba pengo. Kipindi cha pili naye akampisha Felix Katongo. Akiba juu ya akiba! Zilipofika penalti, Felix akafunga yake. Zambia 8, Kodivaa 7. Sifa zilimwendea Stoppila Sunzu, mpigaji wa mwisho, na kocha Hervé Renard aliyembeba Musonda wakashangilie pamoja. Soda yangu mimi ni ya Mulenga.