Bolti Zilizolegezwa Mchana

Mpigaji aliyeongoza raundi ya mchujo alipoteza fainali ya Jumamosi wakati wa mapumziko ya mchana, alipotoa ufunguo wa aleni mfukoni na kulegeza bolti za mikono ya upinde wake. Kocha alikuwa pembeni, mikono kifuani, asiseme neno. Utetezi wao nimeusikia: upepo ulikuwa umeanza, bega limechoka, upinde ulihitaji kuwa mwepesi. Siukubali hata chembe, na jina lake silitaji kwa sababu kosa hili nimeliona kwa wengi mno.

Tuliokuwa karibu na uzio tuliona yote. Juu alizungusha mizunguko miwili kamili. Chini alizungusha mmoja na nusu, akaitwa na rafiki, akageuka, akafunga begi. Hakutia alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti, hakuutundika upinde kwenye mizani, hakupitisha mshale hata mmoja kwenye karatasi. Aliporudi mstarini akaisogeza sikopu kliki chache kwa kukisia, na mishale yake miwili ya kwanza ikakaa kwenye nane, chini ya kitovu. Mtangazaji akalaumu upepo. Upepo ulikuwa unatoka ubavuni!

Tuchukue kwanza kile alichokuwa anakitafuta. Upinde ulikuwa na ratili 58 kileleni na unafuu wa asilimia 75 mwisho wa mvuto, kwa hiyo akishafika huko, ukutani, alikuwa anashikilia ratili 14 na nusu. Kwa upinde kama ule mzunguko mmoja wa bolti zote mbili ni kama ratili tatu, basi tuseme alishuka mpaka 53. Robo ya 53 ni 13 na robo. Bega lake lilitetemeka wakati wa kulenga, akiwa ameshavuta na kamu, yale magurudumu ya nchani, zimeshapinduka, na hapo ndipo alipojipunguzia ratili moja na robo tu. Ratili tano nzima alizozitupa zilikuwa za kilele, mahali anapopita kwa nukta moja na ambapo hakuwa na shida yoyote asubuhi nzima.

Na hata hiyo ratili na robo alikuwa anaihitaji. Kila aliyepiga mita 50 kwenye upepo anajua kwamba mzigo mzito kidogo ukutani huutuliza mkono wa mbele. Ukiwa mwepesi mno, nukta ya sikopu inaelea huku na huko na kidole kinaanza kuivizia. Mkono uliotetemeka kwa uchovu ulitaka ashushe upote bila kufyatua, avute pumzi, aanze upya. Sekunde 20 kwa mshale zinatosha kufanya hivyo. Mpinzani wake alifanya mara tatu bila haraka, na alistahili medali.

Sasa hesabu ya alichokipoteza. Ratili moja ya kilele ni kama futi mbili kwa sekunde. Ukitoka kasi ya 280 ukaenda 270, mshale kwenye mita 50 unashuka sentimita 12 hivi zaidi. Kwenye shabaha ya sentimita 80, kumi ina nusu kipenyo cha sentimita nne na kila duara linaongeza nne nyingine. Kliki zake za kukisia zilirudisha sehemu tu ya hizo 12, ndiyo maana alikutana na nane. Hili lilikuwa dogo, na kufikia seti ya tatu alikuwa ameshalipatia dawa kwenye sikopu.

Ule nusu mzunguko uliopungua chini hauna dawa ya sikopu. Mkono wa juu ukiwa umelegea kuliko wa chini, kamu mbili haziviringiki pamoja, vizuizi havigusi kwa wakati mmoja, na ukuta unakuwa laini kama godoro. Nyuma ya mshale inasafiri ikipanda au kushuka badala ya kwenda sawa. Tazameni tena mishale ya seti ya nne: mmoja juu, mmoja chini, wa tatu kumi safi, na mikao yote mitatu ya mwili ilikuwa ileile. Upepo wa ubavuni hautawanyi mishale wima namna hiyo. Juu ya hayo, wano lililochaguliwa kwa ratili 58 linakuwa gumu kupita kiasi kwa 53, na kiegemeo cha mshale alichokipanga kwa uangalifu wiki zilizopita, kazi nzuri kabisa, kikawa kimepangiwa upinde ambao haupo tena.

Nimeshaandika mara nyingi kuhusu ugonjwa wa ratili 60, na nitaendelea kuandika. Kanuni za World Archery zinaweka 60 kuwa kikomo, lakini vijana wetu wanaisoma kama amri. Wananunua upinde kwa namba ya kasi iliyobandikwa kwenye boksi, wanakaza bolti mpaka mwisho, kisha ikifika saa nane mchana wanatafuta ufunguo wa aleni. Kijana huyu ni mpigaji wa ratili 53. Angejua hivyo miezi mitatu kabla, tusingekuwa tunabishana.

Upinde wa aina hii ulianza pale Holless Wilbur Allen wa Missouri alipokata ncha za upinde wa kawaida, akatia kapi, na mwaka 1969 akapewa hataza. Wapigaji wa miaka iliyofuata walirithi mitambo ya magurudumu manne, mingine sita, yenye unafuu wa nusu au pungufu. Mtu mwenye upinde wa 55 alishikilia ratili 27 na zaidi, na akalenga. Kuoanisha magurudumu yale kulikuwa kazi ya siku nzima, basi hakuna aliyethubutu kuyagusa siku ya mashindano. Kwa nidhamu, nawaweka juu ya kizazi hiki. Wa karibuni ninayemhesabu pamoja nao ni Mike Schloesser, aliyepiga 600 kwa 600 kule Nîmes mwaka 2015: mishale 60, yote kumi. Alama hizo hazipatikani kwa upinde uliobadilishwa kati ya asubuhi na jioni. Hata Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaovuta uta wa mti usio na unafuu wowote, hulinyoosha wano kwa moto na meno mpaka likubaliane na uta, na kazi hiyo huimaliza kabla hawajatoka kuwinda.

Kocha ndiye ninayemdai zaidi. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye ule ufunguo. Kama kweli anaamini kijana wake ashuke, basi ashuke wiki hii: mizunguko sawa juu na chini huku akihesabu, mizani ithibitishe, vizuizi vya kamu vikaguliwe upya, kitundu cha kulengea kirudishwe kwenye jicho. Kisha karatasi kwa hatua chache, wano lisilo na manyoya kwa mita 20, na mawano mapya yakihitajika. Alama za sikopu za mita 50 ziandikwe mwisho, baada ya hayo yote, na ufunguo wa aleni ubaki kwa kocha.