Myombekere kwa Msomaji wa Ushirombo
Msumbwa wa Ushirombo aliyekua bila Kisumbwa, akaanza kutafuta asili yake ukubwani, namshauri aanze na riwaya kutoka Ukerewe: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aniceti Kitereza aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikachapishwa 1980, baada ya mwenyewe kuitafsiri kwa Kiswahili.

Wengi huisoma kama ghala la mila. Wanaipunja. Bugonoka hazai, ndugu wa mume wanamsimanga, wazazi wake wanamchukua. Myombekere anamfuata ukweni kumwomba arudi. Maelezo marefu huchosha, kweli. Lakini humo mila inabishaniwa na watu wanaopendana. Msomaji atatoka na maswali ya kuwauliza wazee wake wangali hai.