Kusoma Ukingo wa Nishani

Vitu vya vita vya Ukambani havikai sana kwenye makabati ya vioo. Viko kwenye mikebe ya biskuti na masanduku ya mbao, vimelala pamoja na hati za shamba na kadi za ubatizo. Wakamba waliingia Keya, jeshi la King's African Rifles, kwa wingi katika vita vyote viwili vya dunia, hata wakoloni wakawaita kabila la kivita, sifa iliyowafaa waandikishaji kuliko walioandikishwa. Kwa hiyo mtu anayetembea Kitui na Makueni akiulizia nishani hakosi kuonyeshwa moja. Kuonyeshwa si kazi. Kazi ni kuijua ni ya nani, ya vita gani, na kama ni yenyewe.

Nawahusudu wachache wanaoijua kazi hiyo. Mpe mmoja wao nishani ya Uingereza ya 1914 hadi 1920, ile ya fedha yenye Mfalme George wa Tano upande mmoja na mpanda farasi aliye uchi upande wa pili, uone atakavyoishika. Sura ya mfalme haimshughulishi. Anaigeuza ubavu, anaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, anasoma ukingo. Hapo, kwa herufi ndogo zilizogongwa kwa mashine, pana namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Kisha anatoa kalipa ya kupimia. Kipenyo ni milimita 36, naye hapimi mara moja tu, anapima kuzunguka ukingo mzima, kwa sababu anayetaka kuuza nishani ya mtu wa kawaida kama ya shujaa hukwangua jina la kwanza na kugonga jingine, na tupa ikishapita huacha bonde. Jicho haliuoni upungufu wa nusu milimita, kalipa huuona.

Adui mwingine ni mjukuu mwenye mapenzi. Anamkuta babu amefariki, anaitoa nishani, anaisugua kwa Brasso mpaka ing'ae kama sufuria ya harusi. Kila msuguo hula herufi kidogo. Heri nyeusi inayosomeka.

Jina likishasomeka, shida haijaisha. Karani aliandika alichosikia, na sikio lake halikulelewa Mbooni wala Mwingi. Kyalo anaweza kugeuka Chalo, Musyoka akawa Mushoka, Nzioka akapoteza herufi ya kwanza. Mtambuzi hulitamka jina kwa sauti, mara hivi mara vile, mpaka lisikike kama jina ambalo mama wa Kikamba angempa mwanawe. Asiyejua Kikamba hukwama hapa, hata awe na vitabu vyote vya nishani. Tena kuna jambo la mipaka: Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992. Mtu wa Kilungu au Kibwezi anayetafutwa katika majalada ya mkoloni atafutwe chini ya Machakos, la sivyo atadhaniwa hakuwahi kuwako. Kitui ilikuwa wilaya yake yenyewe, nafuu ipo.

Vita vya pili ni vigumu zaidi. Afrika Kusini, Australia na India walichora majina kwenye nishani za 1939 hadi 1945, lakini Uingereza ilizitoa bila majina, na za Keya zilifuata mtindo huo. Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma ni shaba ileile yenye ncha sita, na kinachozitenga ni maandishi yaliyozunguka herufi za jina la mfalme na rangi za utepe. Utepe wa Afrika una rangi ya mchanga, mstari mwekundu katikati, na buluu mbili kandokando, nzito na nyepesi. Wa Burma ni buluu nzito, mstari mwekundu mpana katikati, na michirizi ya machungwa. Lakini utepe ni kitambaa, hushonwa upya na yeyote kwa chochote kilichopatikana, kwa hiyo chuma ndicho husomwa kwanza. Nyota zote mbili zikikutwa pamoja, huenda mwenyewe alikuwa katika kampeni ya Uhabeshi iliyoishia Gondar Novemba 1941, kisha akapelekwa Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni za 1944. Hapo mtambuzi huweka kioo chake chini na kumgeukia mjane: "Susu, alikuwa akisimulia baridi ya milimani, au mvua na matope?" Jibu si ushahidi, ila linamwelekeza pa kutafuta.

Tukirudi vita vya kwanza, upande wa Makueni kuna reli. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na mpaka Machi 1916 vikosi vyao vidogo vilivuka nyika kavu kwenda kuilipua reli ya Uganda, ambayo hupita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Ganda la risasi likiokotwa huko hutazamwa kitako. Risasi ya Kiingereza ya .303 ina ukingo wa kitako uliotokeza nje, ya Mauser mpya haina, ina mfereji tu. Ganda nene la milimita 11 ni la bunduki ya Kijerumani ya 1871, iliyotoa moshi mwingi hata askari akajulikana alipojificha, na kampuni nyingi za Wajerumani zilianza vita nayo. Kitako kikisoma K 15 VII, basi ni kiwanda cha Kynoch, mwaka 1915, aina ya saba. Mwenye pupa atasema amepata pigano la 1915. Mjuzi atasema tu kwamba haikupigwa kabla ya mwaka huo, maana .303 iliendelea kutumiwa na jeshi, polisi na wawindaji kwa miongo mingi. Ganda moja ni porojo. Maganda kumi yaliyoandikiwa kila moja mahali lilipookotwa yanaweza kuonyesha askari walijipanga wapi. Yakishamwagwa kwenye gunia la mchuuzi wa skrepu, yamebaki kilo za shaba. Risasi nzima, ambayo haijapigwa, haibebwi: anaitwa polisi.

Sheria haisaidii sana. Ile ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006 huhesabu kuwa cha kale kitu cha kabla ya 1895, kwa hiyo vya vita hivi viko nje mpaka vitangazwe rasmi kuwa vya kulindwa.

Adimu kabisa ni DCM (Distinguished Conduct Medal), nishani ya ushujaa iliyotolewa kwa jina la King's African Rifles lenyewe, jina hilo likiwa limechorwa mgongoni, kabla ya kuachwa mwaka 1942. Mnada wa London utaipandisha bei. Mimi naona nishani ya kawaida iliyobaki kwa watu wake ina mengi zaidi ya kusema kuliko DCM iliyopoteza boma, na wajuzi ninaowasifu hufanya kazi kana kwamba wanakubali: wanaandika uzito, kipenyo, nani ameitunza na kijiji gani, kisha wanairudisha kwa mwenyewe. Jina hunakiliwa herufi kwa herufi, kosa la karani likiwa palepale, na pembeni, kwa penseli, lile wanalodhani ndilo.