Nani Analipa Mlango?

Katika gemu ya kwanza ya The Legend of Zelda, iliyotoka Japani Februari 1986, kuna mzee mmoja ambaye wachezaji wengi hawampendi. Umezunguka milimani, mabomu yamebaki mawili, unatega moja kwenye ukuta wa jiwe usio na alama yoyote. Unarudi nyuma. Puu! Ukuta unafunguka, unaingia ukitegemea hazina. Kumbe ndani kuna mzee amesimama kati ya mioto miwili, na hana upanga wala dawa ya kukupa. Anakudai pesa ya kutengeneza mlango wake. Wala hangoji ukubali: rupi 20 zinakatwa palepale. (Rupi ndiyo pesa ya mle ndani.)

Sasa angalia hesabu. Dukani, katika gemu hiyohiyo, mabomu 4 yanauzwa rupi 20. Yaani mlango mmoja uliovunjwa una bei ya fungu zima la mabomu. Mi nasema huyo mzee ndiye mtu mwenye akili kuliko wote katika gemu hizi za karibu miaka 40, na kila nikicheza zile zilizofuata namtafuta.

Kwa wasiozijua: kijana anaitwa Link, nchi inaitwa Hyrule, Zelda ni binti wa mfalme. Hapa Kampala mashine za Nintendo ni chache. Vibanda vyetu vya Katwe na Nsambya ni PlayStation na mpira tu. Zelda inatufikia kwa simu au laptopu ya zamani, mtu akimrushia mwenzake faili. Lakini ukishaicheza moja, utagundua kwamba ni nadra bomu kukosekana. Upanga ni wa kupigana. Bomu kazi yake kubwa ni kufungua njia. Ni ufunguo wenye kelele. Shigeru Miyamoto, mmoja wa waliobuni gemu hii, amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa mtoto anazurura porini na kuingia mapangoni, na hiyo hamu ya kujua kuna nini upande wa pili ndiyo unayoisikia kila utambi ukiwaka.

Mahali bomu lilipotumika vizuri kuliko pote, kwangu mimi, ni Ocarina of Time ya 1998. Kuna watu wa mlimani, Wagoron, chakula chao ni mawe. Adui ameziba kwa jiwe kubwa pango wanalochimba chakula hicho, juu anataka wampe kito chao. Kwa hiyo kijiji kizima kina njaa, chifu amejifungia chumbani na hasira zake. Pale mlimani kunaota maua ambayo ni mabomu: ukiling'oa linaanza kuwaka, una sekunde chache tu. Unalitupa kutoka juu, jiwe linapasuka, na kazi ya kuwarudishia watu chakula chao inaanza. Anayewahi kusimama kwenye foleni ya posho siku lori halikufika haelezwi maana ya hilo jiwe. Na angalia, bomu lenyewe limeota kwenye ardhi yao, na wewe mgeni unaruhusiwa kulichuma baada ya chifu kukupa bangili. Ruhusa imetoka kwa wenye mlima.

Halafu ikaja Breath of the Wild, 2017. Wengi wanaiita bora kuliko zote, na kwa uzuri wa nyasi na mvua sibishani nao. Ila mabomu yake! Yanatoka kwenye kibao unachovaa kiunoni, la duara linaloviringika na la mraba linalotulia, na hayaishi. Hununui, huchumi, unasubiri sekunde kadhaa unapata jingine. Watu wanayatumia kuvulia samaki na kuangusha miti. Bomu lisilo na bei halina uzito, na ndiyo sababu, nadhani, hakuna mlango hata mmoja wa gemu hiyo ninaoukumbuka kama ninavyoukumbuka ule wa mzee. Katika Tears of the Kingdom, 2023, walirudisha maua: unaingia pangoni, unachuma, yakiisha yameisha. Afadhali.

Kuna jambo jingine lilibadilika mapema zaidi. Mwaka 1986 ukuta haukuonyesha kitu, ulikuwa unabahatisha. Kuanzia A Link to the Past, 1991, kuta nyingi za kulipuliwa zina ufa. Mchezo unakunong'oneza: piga hapa, pamewekwa kwa ajili yako. Ni msaada kwa mchezaji, naelewa. Lakini ufa huo pia ni ahadi kwamba nyuma ya ukuta hapaishi mtu wa kukuuliza kitu. Kuku peke yao ndio wenye haki Hyrule: wachokoze sana uone wanavyokujia kundi zima.

Ndugu zetu wa mashirika huuliza kama gemu zenye mabomu zinawafaa watoto waliokimbia vita. Swali si baya. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, pembeni ya Goma, na baadhi ya watoto wa mtaa huu wana ndugu waliokuwa kule. Hapa Kampala nako, baada ya Julai 2010 kule Kyadondo na Kabalagala, tumezoea kufunguliwa mifuko mlangoni. Lakini watoto niliowaona wakicheza hawashtuki kwa ule mlio. Wanachouliza ni kingine: huu ukuta ni wa nani? Mtoto aliyeacha nyumba anauliza hivyo bila kufundishwa. Ningependa gemu impe jibu, kuliko kumfichia bomu.

Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alijaribu kujibu kutoka upande wa pili wa ukuta. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu apate dola 300 za laptopu, na yeye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Katika gemu yake, Salaam, wewe ndiye unayekimbia, unatafuta maji, chakula na dawa, na nguvu zikikuishia unaweza kununua kwa pesa halisi, kitu kimfikie mkimbizi halisi. Kama mchezo, kukimbia tu kunachosha haraka. Hyrule ina raha zaidi, tusidanganyane. Lakini mle ndani mtu anatozwa tena, kama kwa yule mzee, safari hii pesa inatoka mfukoni mwako kweli.

Nikipewa nafasi ya kuomba kitu kimoja kwa gemu ijayo ya Zelda, ningeomba ukuta mmoja wenye ufa, na nyuma yake mama anapika, amegeuka na mwiko mkononi, anamtazama Link.